Mkanda Usioona Buluu

"Nimetoka na macho," Orrin alisema, akaketi mezani bila kuvua kofia.

Hulda alikuwa anasukuma unga wa pai na hakuona sababu ya kuacha. "Ulitaka utoke na nini, pembe?"

"Kwenye picha, mama Thora. Nimeonekana nina macho. Kama mtu yeyote. Kama karani wa posta."

Hapo Hulda aliweka chini mti wa kusukumia, akafuta mikono kwenye aproni na kumtazama mumewe. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na mwanamume aliyeondoka asubuhi akijiimbia wimbo wa kanisani alikuwa amerudi na bega moja chini, kama aliyepigwa.

Mkanda wa filamu wa zamani haukuona buluu. Kila mtu aliyefanya kazi ya sinema Hollywood alilijua hilo, hata mfagiaji. Anga lilitoka jeupe kama shuka. Rangi nyekundu ya midomo ilitoka nyeusi kama lami. Wasichana wenye macho ya buluu iliyopauka, waliosafiri kwa treni siku nyingi wakiamini uzuri wao, waliambiwa na wapigapicha warudi kwao wakakamue ng'ombe, kwa sababu kwenye pazia la sinema walitoka na matundu meupe mahali pa macho. Orrin Tackaberry alikuwa na buluu iliyopauka kuliko wote, rangi ya maziwa yaliyokwisha kuenguliwa malai. Yeye hakurudishwa. Yeye alikula kwa macho hayo kwa miaka yote ya ndoa yao.

Alifika kutoka Iowa na kikundi cha maigizo kilichomfia njiani, akasimama kwenye foleni ya watu wa kujaza umati. Ilipooneshwa ile picha, mwongozaji alisimamisha mashine na kupiga kelele, "Nani kaniletea maiti hapa?" Wakamtafuta. Tangu siku hiyo akawa maiti anayefufuka, kipofu anayeomba mlangoni pa kanisa, mganga anayewalaza watu usingizi, muuaji anayechungulia dirishani, mlinzi wa makaburi. Hakuwa wa kumbusu msichana mwisho wa hadithi. Alikuwa wa kumfanya msichana akimbie, ili yule mwingine apate wa kumwokoa na kumbusu. Jina lake halikuandikwa popote. Watu walisema tu, "Yule wa macho meupe."

Nyumbani alifuga kuku, akawapa majina, na nyuki akiingia jikoni alitoka yeye. Kanisani watu walisogea mbali kidogo kwenye benchi. Thora, binti yao, alirudi shuleni mara mbili na mkono wa gauni umechanika kwa sababu mtu alimwita mtoto wa maiti, na yule mtu alirudi kwao na zaidi ya hayo. Orrin alisikitika kama baba anavyopaswa kusikitika. Lakini siku mama mmoja ndani ya tramu alipomvuta mwanawe na kumficha asitazamwe na macho yale, alikuja nyumbani anapiga mluzi mpaka usiku. Hulda aliyaona hayo akanyamaza. Kila mwanamume ana upumbavu wake, na wa huyu angalau haukunuka pombe.

Sasa ulikuwa umeingia mkanda mpya. Huu uliona rangi zote, na taa zake mpya zilitoa mwanga mpole wa manjano. Watu wa studio waliusifu mno. Na picha ya kwanza kupigwa kwa mkanda huo na Bwana Ansbacher, mwongozaji aliyempa Orrin kazi tangu zamani, ilikuwa hadithi ya mlinzi wa mnara wa taa anayepofuka akimngoja mwanawe aliyepotea baharini. Mlinzi huyo alikuwa Orrin. Kwa mara ya kwanza jina lake lingetokea peke yake kwenye pazia. Kwa mara ya kwanza watu wangemlilia badala ya kumkimbia. Kisha ikaja picha ya majaribio, na mlinzi kipofu akatoka na macho mazuri ya kijivu yanayoona vizuri kabisa.

"Kasemaje Ansbacher?" Hulda aliuliza.

"Kanipa wiki. Kasema, 'Nitafutie yale macho, Orrin.'"

"Na utayatafuta wapi?"

Orrin alitazama nje, upande wa banda la kuku.

Ndani ya gamba la yai mna utando mwembamba. Waigizaji wa zamani walijua kuubandua, kuukata mviringo kwa mkasi wa kucha na kuulaza juu ya mboni. Jicho linageuka jeupe papo hapo, jicho la mfu. Ilikuwa hila ya dakika moja, ya picha moja ya karibu, kisha mtu akanawa haraka na kulalamika siku nzima. Orrin alitaka kukaa nao kwa tukio zima, upepo na mchanga vikimpiga. Akaanza mazoezi mbele ya kioo cha jikoni.

Wiki ile walikula mayai asubuhi, mchana na jioni.

"Mayai tena?" Thora alisema.

"Kula," Hulda alimjibu. "Ni macho ya baba yako hayo."

Siku ya tatu macho yalikuwa mekundu. Hulda alimfunga majani ya chai baridi, kisha viazi vibichi vilivyokunwa, dawa ya kila mtu aliyewahi kuunguzwa na taa za studio. Siku ya nne kope ziligandamana kwa usaha. Alimshika mkono kama mtoto na kumpeleka kwa Daktari Pomfret, mzee mwenye kikohozi aliyetibu nusu ya mtaa. Daktari alitazama kwa lenzi yake, akatazama tena.

"Umeyakwaruza yote mawili," alisema. "La kushoto limeingia uchafu. Jicho si kiatu, Bwana Tackaberry, kwamba soli ikiisha utaweka nyingine. Acha leo."

"Nitaacha tukimaliza picha."

"Sikusema ukimaliza picha. Nimesema leo."

Njiani kurudi, Orrin alisema, "Ana chuki na sinema yule. Mkewe alitoroka na mcheza ngoma wa jukwaani."

"Mkewe alikufa kwa mafua makubwa, na wewe ulibeba jeneza," Hulda alisema. "Usinitungie hadithi, baba Thora. Mimi sikununua tikiti."

Walitembea mpaka kona ya kwao. Hapo Orrin alisimama. "Nikiacha, mimi ni nani? Mzee mwenye macho ya buluu. Mji huu umejaa watu wenye macho ya buluu, nao ni vijana, na wanajua kupanda farasi."

Hulda hakuwa mtu wa kulia kwenye kona. Kesho yake alivaa kofia yake ya kanisani, akapita langoni pa studio kana kwamba ameitwa, na kuuliza ofisi ya Ansbacher.

Ansbacher alisimama alipoingia, akamvutia kiti. Alikuwa mtu mfupi, mwenye adabu, aliyefuta miwani yake kila alipotakiwa kujibu jambo.

"Nimekuja kuomba mumewe wangu umfunge kitambaa," Hulda alisema, akajikosoa kwa hasira, "mume wangu. Kitambaa machoni. Vipofu wengi hufungwa kitambaa. Mayai yale yatampofusha kweli."

Ansbacher alivua miwani. "Bibi Tackaberry, mimi nilimwambia hivyo siku ile ile ya kwanza. Kitambaa, au afumbe tu. Hakukueleza?"

Hulda alitikisa kichwa.

"Alikataa. Alisema kitambaa kinaweza kuvaliwa na mtu yeyote. Mimi nikasema, haya basi, nitafutie yale macho. Nilidhani atashindwa na kurudi kwenye kitambaa."

"Basi mfukuze. Mwambie umepata mwingine."

Alifuta miwani kwa muda mrefu. "Juzi nilimpiga picha nao ule utando. Wewe hujaiona. Mpigapicha wangu aliacha kuzungusha mpini wa kamera, na huyo amewahi kupiga picha za vita. Nikimtoa Orrin sasa sina picha."

"Kwa hiyo utamwacha."

"Ni mtu mzima, bibi. Mimi si mama yake."

"Wala mimi," Hulda alisema, akainuka. "Lakini mkono wake nitaushika mimi, hutaushika wewe."

Alirudi nyumbani akamkuta Orrin amelala chali kwenye kochi, majani ya chai machoni.

"Kitambaa," alisema tu.

Orrin hakuuliza kitambaa gani. Maji ya chai yalimtiririka masikioni.

"Ungeniambia," Hulda alisema.

"Ungenilazimisha."

"Ndiyo, ningekulazimisha! Kwani ningekupikia keki?"

"Sikiliza, mama Thora. Nikifungwa kitambaa, wanaona mzee kafungwa kitambaa. Nikiwa na macho yangu, wanasema, 'Ndiye yule.'"

"Nani wanasema?"

"Watu."

"Watu gani? Unawajua majina?"

"Wao ndio hawajui langu," Orrin alisema. "Lakini wananijua. Wewe hujawahi kuingia mahali ukasikia pumzi za watu zinakatika. Safari hii nao wangejua na jina, Hulda. Wangeunganisha jina na uso, mara moja tu, kisha nikae na kuku wangu."

Si mara nyingi alimwita kwa jina lake. Hulda alikwenda nyuma ya nyumba. Mmoja mmoja aliwanyonga kuku wote shingo, pamoja na jogoo, ambaye hakuwa na hatia yoyote katika habari ya mayai. Jioni ile walikula supu. Thora alilia ndani ya bakuli. Orrin aliila yote, akashukuru, na asubuhi alipitia dukani akanunua mayai kama mtu mwingine yeyote.

Walipiga tukio lile ufukweni, kaskazini ya mji. Hulda alikwenda kwa sababu mtu wa kumshika mkono alihitajika. Kope za Orrin zilikuwa zimevimba kiasi kwamba asingeweza kupanda gari mwenyewe. Kulikuwa na mashine ya upepo yenye panga kama za ndege, na mpiga fidla aliyelipwa kuwatia waigizaji majonzi. Hulda mwenyewe ndiye aliyemwekea zile tando, kwa sababu Orrin hakuweza tena kujiona kwenye kioo na yeye hakutaka zikae upande. Alitamani baadaye angekataa. Lakini alikuwa mke wa mtu wa kazi, na kazi ilikuwa imekwisha kufika.

Mwana alitokea mchangani akiwa na mfuko begani. Mlinzi wa mnara alisikia nyayo. Akainua uso, macho yale meupe yakielekea mahali ambapo hapakuwa na mtu, akanyoosha mikono na kuanza kumpapasa kijana paji la uso, pua, kovu la kidevuni. Alipolifikia kovu alisimama. Hakufanya kitu kingine. Alisimama tu, vidole juu ya kovu, mdomo umeachama kidogo kama mtoto anayesubiri kijiko. Mpiga fidla aliacha kupiga. Upepo wa mashine uliupeleka mchanga usoni mwake, na Orrin hakuinua mkono hata mara moja kujifuta.

"Tena," alisema Ansbacher, sauti imekauka. "Kwa mbali sasa."

Wakarudia kwa mbali. Kisha kwa karibu zaidi. Kisha upande.

Walipomaliza Hulda alimkalisha kwenye kreti na kumbandua zile tando kwa maji ya uvuguvugu.

"Bado mmoja," Orrin alisema.

"Nimetoa zote mbili."

"Bado upo mmoja, Hulda. Wa kushoto. Naona ukungu."

Alipitisha ncha ya kidole chake pale. Hapakuwa na kitu. Aliona pia kwamba jicho halikupepesa alipoligusa, akalifunga kwa leso yake, huku Ansbacher akimshika Orrin bega na kumwambia kwamba jambo lile halijapata kuonekana.

Jicho la kushoto lilikufa kabla ya Krismasi. Daktari Pomfret alitaka kuling'oa haraka lisiliambukize la pili. Orrin alikataa kwanza, akakubali akiwa amechelewa. Yalipofika majira ya kuchipua la kulia lilijua tu dirisha liko upande gani. Hulda alipata kazi ya kushona kwenye ghala la mavazi ya studio. Thora alijifunza kumsomea babake gazeti, akiruka habari za filamu mpya zinazoongea, ambazo kila mtu alianza kuzizungumzia. Orrin alikaa barazani akingoja picha itoke. Hakulalamika, na hilo lilimuudhi Hulda kuliko kama angelalamika.

Ilitoka wakati wa joto. Hulda alimpeleka kwenye onyesho la mchana, katika jumba kubwa la katikati ya mji, lenye kinanda cha mabomba. Orrin alivaa suti yake ya kanisani na kushika fimbo kana kwamba ni ya urembo. Wakakaa katikati, mahali alipopachagua yeye, ili asikie watu pande zote.

Mwanga ulipungua. Kinanda kikaanza. Hulda alimwinamia sikioni. "Limeandikwa. Orrin Tackaberry."

"Peke yake?"

"Peke yake. Herufi kubwa."

Orrin alivua kofia, akaiweka magotini.

Watu waliingia na kutoka wapendavyo, kama kawaida ya mchana. Mtu alikaa mpaka aione tena sehemu aliyoikuta, kisha akaenda zake. Wanawake wawili waliingia picha ikiwa imefika katikati, wakaketi nyuma yao na mifuko ya karanga. Hulda aliendelea kumnong'oneza mumewe: sasa dhoruba, sasa unapanda ngazi, sasa taa imezimika. Tukio la ufukweni lilipofika alijikuta amenyamaza. Alikuwa ameliona likipigwa, alijua mashine ya upepo ilisimama wapi, na bado alijikuta anatafuta leso. Jumba zima lilikuwa limetulia. Mahali fulani mbele mwanamume mzima alipenga kamasi.

"Wanalia?" Orrin alinong'ona.

"Wanalia."

Aliinama mbele kama mtu aliyesikia anaitwa jina.

"Maskini," mwanamke mmoja nyuma yao alisema. "Wamemtoa wapi huyu kipofu?"

"Nyumba ya wasiojiweza," mwenzake alijibu, mdomo umejaa karanga. "Si unawajua watu wa sinema? Wanamwokota mtu, wanampa sandwichi."

"Halafu wanamsimamisha kwenye mchanga hivyo! Hapo hakuna kuigiza, mwenzangu. Ni kumwonea mtu tu. Tazama, hata hajui kamera iko wapi."

"Wangemchukua yule wa zamani. Yule wa macho meupe, aliyekuwa maiti. Unamkumbuka?"

"Uuu, usinitajie! Nilikuwa silali. Yule sasa ndiye alikuwa muigizaji. Sijui alikufa?"

Hulda alihisi mkono wa Orrin umekuwa mzito ndani ya wake. Alijua kwamba mtu mwenye busara angenyamaza. Akageuka.

"Ni yeye," alisema kwa sauti iliyofanya safu tatu zigeuke. "Yule yule wa macho meupe. Hajafa, na hakuokotwa popote. Jina lake limeandikwa mwanzo, mngewahi kufika mngelisoma. Anaitwa Orrin Tackaberry, ni muigizaji, ni mume wangu, na huyu hapa."

Orrin naye aligeuka. Alikuwa na adabu ya kazi yake. Watazamaji wakikuita, unaitika. Mwanga wa pazia ulimwangaza uso mzima, kope moja iliyozama, mboni moja yenye ukungu, na akatabasamu, tabasamu zuri la kumshukuru mtu, akilielekeza kwenye kiti kitupu kilichokuwa kando ya wale wanawake.

Yule mwanamke wa kwanza aliinama mbele, akautafuta mkono wa Orrin, akamwekea mfuko wa karanga kiganjani na kumfunga vidole juu yake.

"Pole sana, baba," alisema taratibu, kama anavyosemeshwa mgonjwa. "Mungu akubariki. Umefanya vizuri mno."

Aliporudi nyuma kitini Hulda alimsikia vizuri akimwambia mwenzake, "Si nilikwambia?"

Hulda aliinuka nusu. "Twende nyumbani, baba Thora."

"Kaa," Orrin alisema.

"Nimesema twende."

"Haijaisha. Kaa, mama Thora, unawaziba watu."

Akakaa. Kinanda kilikuwa kinapiga kitu cha polepole. Orrin aligeukia mbele tena, mgongo umenyooka, mfuko wa karanga mkononi, hajui auweke wapi.

"Niambie nafanya nini sasa," alisema.

Hulda alitazama pazia. Mwana alikuwa amekwenda kuchota maji, na mlinzi wa mnara amebaki peke yake juu ya mwamba.

"Umekaa tu," alimwambia. "Umekaa, unatazama bahari."